Shangazi, ule ujumbe wako wa sauti nimeusikia

Shikamoo Shangazi.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikanuna, ya tatu nilikuwa kwenye tramu, ile treni ya mitaani, naelekea zamu ya jioni, nikasema huyu lazima nimjibu kwa maandishi, maana kwa simu hunipi nafasi. Na kwa kuwa hukunitumia mimi peke yangu, uliumwaga kwenye kundi la ukoo mzima, na mimi nakujibu mbele za watu. Usinikasirikie.

"Wazungu hawana utu. Mzazi akizeeka wanamtupa, halafu wanawaita watoto wetu wakawaogeshee." Ndivyo ulivyosema, na akina baba mdogo wakakumiminia vidole gumba.

Hilo la kuitwa watoto wetu sibishi. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitiliana saini mkataba wa wafanyakazi pale Berlin, na mimi mwenyewe nipo hapa Leipzig nawavisha wazee wa watu soksi za kubana miguu. Lakini hilo la kutupa, hapana. Mwishoni mwa 2023 Ujerumani ilikuwa na watu milioni 5.7 wasioweza kujitunza bila msaada. Katika kila 100 kati yao, 86 walikuwa majumbani kwao, na wengi wa hao wanatunzwa na ndugu zao. Zile nyumba za wazee mnazoziona kwenye video ni za waliobaki.

Kwa hiyo mzee yupo nyumbani. Aliyeondoka nyumbani ni mwanamke, kaenda kazini, na serikali ya hapa imetumia karibu miaka hamsini kuziba pengo aliloliacha. Ninavyoiona mimi, habari yote ni hiyo.

Nikurudishe nyuma kidogo. Hawa ndio waliotangulia duniani kuweka bima za lazima za wafanyakazi, enzi za kansela wao Bismarck: ya ugonjwa 1883, ya ajali kazini 1884, ya uzee na ulemavu 1889. Pensheni ilikuwa mpaka ufike miaka 70, na wengi hawakufika. Sasa angalia nani aliyefikiriwa: mwanamume, kiwandani, anakatwa mshahara. Nani atampikia uji akiumwa, nani atamgeuza kitandani, hakuna aliyeandika sheria, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mke. Binti. Mkamwana.

Na walihakikisha anabaki pale pale. Ujerumani Magharibi, mpaka 1977, sheria ya ndoa ilisema mke anaruhusiwa kufanya kazi ya mshahara ilimradi isigongane na wajibu wake wa ndoa na familia. 1977, Shangazi, mwaka CCM inazaliwa! Wewe unamaliza la saba pale Tanga, na huku Ulaya mwanamke bado anaulizwa kama chakula cha mume kitakuwa mezani. Anayemwacha mtoto mdogo aende kazini walimwita Rabenmutter, mama kunguru. Neno hilo bado lipo. Sisi tunasema kunguru hafugiki, wao wanasema kunguru hafugi, sijui huyu ndege kawakosea nini watu.

Leipzig lakini ilikuwa upande wa pili, Ujerumani Mashariki. Huku serikali ilitaka kila mkono kiwandani, ikajenga chekechea kila mtaa, na Ukuta wa Berlin ulipoanguka 1989 karibu wanawake 9 katika kila 10 walikuwa kazini au masomoni. Bibi mmoja ninayemhudumia, miaka 88, alikuwa dereva wa tramu hapa hapa mjini. Ananiambia walikuwa na siku moja kila mwezi ya mapumziko yenye malipo, inaitwa siku ya kazi za nyumbani. Mwanamke anapewa siku ya kupumzika kazini ili akafue! Nilimuuliza mumewe siku hiyo alikuwa anafanya nini. Akasema, "Anavua samaki."

Basi familia zikabadilika, na sheria ikawa inafuata nyuma, inahema. Leo kaya 4 katika kila 10 hapa ni za mtu mmoja. Mwaka 2024 wastani wa uzazi ulikuwa watoto 1.35 kwa mwanamke. Ndoa zinavunjika, watoto wanahamia miji mingine, na Bibi Tramu ana mtoto mmoja tu yuko Stuttgart, mwendo wa saa tano na ushee kwa treni. Utamwambia nini huyo mtoto? Arudi?

Mwaka 1995 ndipo walipoanzisha bima ya matunzo. Mfanyakazi anakatwa, mwajiri anachangia, na ukifika mahali huwezi kujiogesha au kujilisha, mfuko unalipa. Waajiri walilalamika watapata hasara, wakafidiwa kwa sikukuu: Siku ya Toba na Sala, Jumatano moja ya Novemba, ikafutwa nchi nzima ili watu wafanye kazi siku moja zaidi. Jimbo letu la Saksonia peke yake likakataa. Mpaka leo Jumatano hiyo tunalala nyumbani, na mpaka leo wafanyakazi wa Saksonia tunakatwa zaidi kuliko wenzetu wa majimbo mengine kwa ajili yake. Mimi na mswala wangu nalipia toba ya Waprotestanti. Nacheka kila Novemba.

Pesa hazitoki hivi hivi. Anakuja mkaguzi, ana fomu, anatoa alama. Alama 27 daraja la 2, 47.5 daraja la 3, inapanda hadi daraja la 5. Siku alipokuja kwa Bibi Tramu nilikuwepo. Mimi namjua: asubuhi hawezi kufunga kifungo, kijiko kinamwagika kabla ya kufika mdomoni. Siku hiyo kaniambia nimtolee blauzi yenye maua. Kakaa wima kama yuko kwenye usukani. Mkaguzi anamuuliza, unaweza kuinua mikono? Akainua yote miwili mpaka juu. Unavaa mwenyewe? "Kila siku." Nilitaka kuzama sakafuni. Mkaguzi alikuwa mtu mzima, akatazama zile kona zilizojaa magazeti, akatazama sahani, akaniuliza mimi pembeni. Alivyotoka tu, bibi akaanguka kwenye kochi, akalala saa mbili.

Nikamkumbuka Bibi yetu. Unakumbuka wageni wakipiga hodi, anavyodai leso yake mpya na kuificha fimbo chini ya kitanda?

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, Shangazi. Kwenye bima hii, familia ikiamua kumtunza mzee wenyewe bila kuita kampuni, inapewa posho taslimu. Tangu 2025 daraja la 2 ni euro 347 kwa mwezi, la 3 ni 599, la 4 ni 800, la 5 ni 990. Kwa hali ya Bibi ya miaka ile ya mwisho, mimi na fomu yangu ningempa la 4 bila kusita. Tena si hiyo tu. Anayemtunza ndugu yake angalau saa 10 kwa wiki, na kazini kwake hazidi saa 30, mfuko unamchangia pensheni. Miaka ya kumwogesha mama yake inaandikwa kwenye daftari la uzee wake kama miaka ya kazi.

Wewe ulimtunza Bibi miaka 9. Ulifunga biashara yako ya vitumbua pale Ngamiani, barabara ya 9, wateja wakahamia kwa jirani. Ulimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, usiku na mchana, na hakupata. Mimi nimesomea kazi hii kwa cheti, na nakwambia vidonda kutokutokea kwa miaka 9 bila godoro la hewa si jambo dogo. Baba na akina baba mdogo walikuja Ijumaa, wakakaa barazani, wakanywa kahawa, wakaacha elfu ishirini chini ya kikombe. Kwenye hitima nani alishukuriwa? Sheikh alitaja "watoto wake wa kiume waliosimama na mama yao." Nilikuwa upande wa wanawake, nikakuona ulivyotazama mkeka.

Hao usiowaona na utu wangekuandikia miaka 9.

Sisemi wao ni malaika. Pesa hiyo haifanani na mshahara, na atakayeacha kazi ili amtunze mama yake atazeeka na pensheni nyembamba tu, na mara nyingi ni mwanamke. Nyumba za wazee nazo ni ghali vibaya: mwaka wa kwanza mtu anatoa mfukoni mwake zaidi ya euro 3,000 kwa mwezi, juu ya kinacholipwa na bima. Akiishiwa, ofisi ya ustawi inambebea, na tangu 2020 haiwezi kuwadai watoto wake mpaka mtoto awe anaingiza zaidi ya euro 100,000 kwa mwaka. Hili najua litakuudhi. Mimi pia liliniudhi, mpaka nilipomwona mwenzangu wa zamu, ana watoto wawili na kodi ya nyumba, akilia kwa furaha kwamba mama yake kapata nafasi.

Na wanaume? Hapo walitumia akili ya kibiashara. Tangu 2007 mzazi anayebaki na mtoto mchanga analipwa kama asilimia 65 ya mshahara wake, mwisho euro 1,800, kwa miezi 12. Mzazi wa pili akichukua zamu naye, inaongezwa miezi 2. Asipochukua, miezi hiyo inapotea. Mjerumani hapendi kitu kipotee. Kabla ya hapo baba aliyebaki na mtoto alikuwa wa kutafutwa kwa tochi, siku hizi ni zaidi ya 4 katika kila 10, japo wengi huchukua ile miezi 2 tu. Jirani yangu wa chini, fundi bomba, mtu mzito wa ndevu, namkuta kwenye ngazi na mtoto kwenye mbeleko kifuani, anamwimbia. Wasweden waliwatangulia, 1974 walishafungua likizo ya uzazi kwa baba na mama. Na Julai 2024 wakaongeza kituko: wazazi wanaweza kumpa bibi au babu sehemu ya siku zao zenye malipo, akae na mjukuu kwa hela ya serikali. Bibi kulea mjukuu! Tungekuwa matajiri ukoo mzima.

Halafu kuna lile swali lako, kila Idi, "Utazaa lini?" Shangazi, swali hilo naulizwa na serikali kila mwisho wa mwezi. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ilisema anayelea watoto anaichangia bima mara mbili, kwa fedha na kwa kuzaa wachangiaji wa kesho, kwa hiyo si haki akatwe sawa na asiye na mtoto. Tangu 2005 wasio na watoto tunaongezwa makato tukishapita miaka 23. Mwenzangu mwenye mtoto mmoja anakatwa asilimia 2.3, mimi 2.9. Kipo kwenye hati ya mshahara, mstari wa saba. Umepata washirika.

Sasa jambo ambalo sikutaka kulisema kwenye kundi, lakini nimeshaanza. Familia nyingi hapa, posho hiyo inaenda kwa mwanamke kutoka Poland anayehamia kwa mzee, analala chumba cha pili, miezi miwili yupo, miezi miwili mwenzake anamshika zamu. Mmoja wao tunakutana kwenye lifti. Mama yake mwenyewe kijijini anaangaliwa na jirani. Aliponiambia hivyo nikashuka ghorofa isiyo yangu.

Kwa sababu na wewe magoti yamekwisha. Mimi nakutumia pesa kila tarehe 5, na mkinipigia mnanishukuru sana, baba mdogo anasema nimesimama na shangazi yangu. Nimesimama wapi? Nipo barazani na wanaume, nimeweka elfu ishirini chini ya kikombe.

Anayekuinua kitandani ni yule dada kutoka Lushoto. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakukanda, anakupikia, anachota maji, analala mkekani chumbani kwako ili ukiita asikie. Hana Jumapili. Nimeulizia NSSF, mfuko wa pensheni, wanaandikisha hata mtu asiye na ajira rasmi, na mchango wake nitautoa mimi, usiukate kwenye hela yako. Jumapili amwachie mtu mwingine zamu, zamu hiyo waigawane akina baba mdogo waliotuma vidole gumba, wapo watatu na wote wana miguu mizima.

Kwa fomu wanataka jina kamili na namba ya NIDA. Nimepekua ujumbe wote wa kundi wa miaka miwili, mmeandika "dada", "yule binti", "mtoto wa kazi". Jina sikulikuta. Muulize, Shangazi, unitumie leo.