Tuchapishieni na muda wa kila mzunguko

Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo hutupa jina la mshindi na muda wake wa mwisho, basi. Kwa mbio za maili (takriban mita 1,609) za vyuo vikuu vya Marekani, ambako wanafunzi wengi hapa Marakwet wanatamani kwenda, hiyo ni nusu ya habari, na inawapoteza vijana.

Chukueni mfano wa Edward Cheserek, kijana wetu aliyekimbia akiwakilisha Chuo Kikuu cha Oregon. Februari 2017 alikimbia maili ya ukumbini mjini Boston kwa dakika 3:52.01. Mwezi uliofuata, kwenye fainali ya vyuo, akashindwa na Mskoti wa miaka 19 kutoka New Mexico, Josh Kerr. Muda wa Kerr? 4:03.22! Anayesoma tarakimu hizo tupu atadhani Cheserek alikuwa mgonjwa. Uchovu ulikuwepo, ndiyo, kwa maana jana yake alikuwa ameshinda mita 5,000. Lakini kubwa ni kwamba fainali haina sungura, yaani mkimbiaji wa kuongoza kasi. Hakuna anayetaka kuwavutia wenzake kasi, kila mtu anamchungulia jirani, na anayebaki na miguu mizunguko ya mwisho ndiye bingwa. Kerr alikuwa nayo, na mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa mita 1,500.

Sasa tazameni Februari 1, 2025, Boston hiyo hiyo. Ethan Strand wa North Carolina alimaliza kwa 3:48.32 na Gary Martin wa Virginia akamfuata kwa 3:48.82, wote chini ya rekodi ya vyuo ya Cooper Teare, 3:50.39. Uwanja ule una mita 200 kwa mzunguko. Pigeni hesabu: wastani wa Strand ni sekunde 28.4 kila mzunguko, wa Kerr 30.2. Mbio ni za umbali mmoja, kazi ni mbili tofauti kabisa.

Muhula huu, kwenye mashindano ya shule, mvulana wangu wa kidato cha tatu alianza mita 1,500 kama aliyeibiwa. Uwanja wetu ni wa nyasi, chokaa imefutika kona ya pili, na tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Saa ya simu yangu ilisoma sekunde 57 kwa mzunguko wa kwanza wa mita 400, kisha 66, kisha 71. Mita 300 za mwisho alizikimbia shingo imekakamaa, wenzake wakimpita mmoja mmoja. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwalimu, si Strand amekimbia 3:48?"

Laiti angesoma jinsi Jim Ryun, mwanafunzi wa Kansas, alivyoweka rekodi ya dunia ya maili ya 3:51.1 mwezi Juni 1967. Mizunguko mitatu ya kwanza, ya karibu mita 400, ilikuwa karibu na sekunde 59 kila mmoja, wa mwisho karibu na 53. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1975, Filbert Bayi wa Tanzania alipoipunguza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde kule Kingston.

Ninachoomba ni mstari mmoja tu chini ya matokeo: muda wa kila mzunguko, na kama kulikuwa na sungura. Nafasi ikiwa finyu, punguzeni picha za makocha wa Ligi Kuu ya Uingereza.

Mwalimu wa riadha,
Kapsowar, Elgeyo Marakwet