Siti saba kwenye tangazo si nafasi ya watu saba

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na familia zinazotafuta gari kubwa, na pia na wenye yadi wanaowauzia.

Mnunuzi mwenye watoto wanne na bibi nyumbani huuliza maswali mawili: "Lina siti saba? Liko juu?" Muuzaji anaitikia, bei inapatanwa, kadi inabadilishwa jina. Kumbe Toyota Wish na Toyota Vanguard zote hutangazwa kwa siti saba, na tofauti yake anaijua aliyekaa nyuma kabisa gari linapofika Chalinze.

Chukua Vanguard ya siti saba. Siti za nyuma zimelazwa ndani ya sakafu ya buti, na sakafu hiyo iko juu kwa sababu ya ekseli na tairi zilizo chini yake. Ukiziinua, mtu mzima anakaa magoti yamekaribia kifua, kichwa kinagusa dari. Mtoto wa miaka minane atakaa vizuri. Mjomba hawezi kufika Moshi hivyo. Halafu mgongo wa siti unasimama karibu kabisa na mlango wa nyuma, mabegi ya safari hayana pa kukaa. Yanapandishwa kwenye keria, na gari lililobeba mzigo mzito juu huyumba kwenye kona na kwenye upepo wa malori. Toyota Noah ni gari la familia zaidi ya hapo: nyingi zina siti nane, mtu mzima anakaa nyuma kama binadamu, na milango ya kuteleza inafunguka hata ukiwa umebanwa na magari Kariakoo. Bibi anaingia bila kuinama sana.

Kwa hiyo ukifika yadi usiishie kwenye usukani. Panda siti ya nyuma kabisa wewe mwenyewe, funga milango yote, mwambie muuzaji awashe injini na kiyoyozi, ukae dakika 15 saa saba mchana. Krosova nyingi za siti saba, yaani gari za juu kama Vanguard, hazina matundu ya hewa kule nyuma. Waliokaa mbele wanasikia baridi huku watoto wa nyuma wanalowa jasho. Noah nyingi zina ubaridi wake wa nyuma, lakini hakikisha unafanya kazi. Vuta kila mkanda mpaka mwisho, kisha uuchomeke. Mikanda ya siti za nyuma mara nyingi imenasa chini ya siti, au imekatwa.

Sasa hilo la "liko juu". Tumbo la Noah au Wish liko takribani milimita 155 hadi 160 kutoka barabarani, la Nissan X-Trail hufika 200. Vipimo hivyo ni vya gari tupu. Pakia watu saba, nyuma inashuka, na barabara za ndani za Goba, Madale au Chanika baada ya masika zitakwangua ekzosi na sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana mafundi wengi wanafunga spesa, yaani kipande cha kuongeza kimo, juu ya shokapu. Naomba hapa tuelewane. Spesa inainua bodi, lakini draivu shafti, yaani chuma kinachozungusha tairi, inabaki na urefu uleule, hivyo jointi zake zinafanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyotengenezwa. Raba inayofunika jointi inasuguana, inapasuka, grisi inarushwa nje, mchanga unaingia. Utaanza kusikia "taka-taka-taka" ukikata kona, na hapo jointi imeshakufa. Tairi nazo zinaliwa upande mmoja kama hukurudi kwenye alaimenti, yaani kunyoosha tairi. Kabla ya spesa, badilisha springi na shokapu zilizochoka. Gari la miaka 15 huwa limeshuka kwa sababu hizo tu. Ukilazimika, weka spesa nyembamba, upige alaimenti siku hiyohiyo, na uchungulie raba za jointi kila unapomwaga oili.

Upepo wa tairi fuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, na uupime tairi zikiwa zimepoa.

Kwenye injini na gia boksi ndiko familia nyingi zinakoumia. Vanguard na RAV4 za injini ya 2.4, yaani 2AZ, zinajulikana kwa kula oili: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yanaziba, ringi zinanasa, oili inaungua. Moshi wa bluu asubuhi ni dalili. Pima kwa kijiti kila kilomita 1,000, usingoje taa nyekundu. Vanguard hiyo ya 2.4 na X-Trail nyingi za 2.0 zina gia boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, inayotumia mkanda wa chuma unaobana puli. Ukimwaga humo haidroliki ya kawaida, yaani oili ya gia boksi za otomatiki nyingine, mkanda unateleza na kujikwangua. Ukipanda Kitonga gari likiwa limejaa watu, kiyoyozi kikiwaka, gia boksi inachemka na gari linakosa nguvu katikati ya mlima. X-Trail ya 2007 hadi 2013 inataka oili ya CVT iitwayo NS-2, Toyota inataka oili yake ya CVT, yaani CVTF. Kwa fundi simama hapohapo, usome kopo kabla halijafunguliwa.

Ushuru nao uangaliwe: injini inayozidi cc 2000 inalipiwa ushuru wa bidhaa wa juu kuliko iliyo chini yake, na umri wa miaka minane na kuendelea unaongeza tena.

Wenye yadi, ombi langu ni dogo. Kwenye tangazo andikeni aina ya injini, aina ya gia boksi, kama gari limefungwa spesa, na mtupigie picha ya siti ya nyuma kabisa mtu mzima akiwa amekaa, mlango wa buti umefungwa.

Fundi wa magari,
Tabata, Dar es Salaam