Ukuta wa Bibi

Uppsala, Desemba

Baba, shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, na saa tisa alasiri giza limeshaingia. Pesa ya dawa nimetuma jana. Usianze kuniambia nisijisumbue.

Juzi darasani tulibishana mpaka mwalimu akacheka: elimu ndiyo inayoleta maendeleo, au maendeleo ndiyo yanayoleta elimu? Mwenzetu mmoja, mchumi, akaitolea mfano Tanzania. Azimio la Musoma, 1974: watoto wote waende shule, na wahitimu wa darasa la saba wafundishwe ualimu huku wakifundisha. Miaka kumi haijaisha, uchumi chali. Akasema, "Mlisomesha wote, mkabaki maskini." Walimu wa UPE, yaani wa mpango huo wa Elimu ya Msingi kwa Wote, akawaita nusu walimu. Nilichemka! Hakujua anamsema baba yangu.

Lakini wewe mwenyewe ulinisimulia ulivyokuwa ukikesha na koroboi, ukijifunza hesabu utakazofundisha asubuhi. Hilo sikulikana. Nilimuuliza tu: bei ya mafuta ilipandishwa na shule? Vita vya Kagera vilianzishwa na walimu? Hazina ilikauka, chaki zikakosekana, leo mnailaumu chaki?

Akaniuliza basi faida ya elimu nitaipimaje. Wachumi wenyewe hupima kwa mshahara: aliyesoma anamzidi kiasi gani asiyesoma. Hapo nikamkumbuka Bibi, ambaye maisha yake yote hakupokea mshahara wa mtu. Alijifunzia kusoma kwenye kile kisomo cha Kanda ya Ziwa kilichoanza 1968, ambacho vitabu vyake vilifundisha herufi kwa habari za kilimo cha pamba. Ukutani, karibu na mlango wake, aliandika kwa mkaa kilo za kila mzigo aliouza. Karani wa mizani akitamka arobaini, yeye: "Arobaini na sita, mwanangu. Macho ninayo." Kwa hesabu ya huyu mchumi, kisomo cha Bibi ni sifuri.

Baba, nina insha ya kuandika juu ya haya. Niambie darasa lako la kwanza lilikuwa na watoto wangapi, na wako wapi sasa. Hata waliobaki kulima, hasa hao. Na ule ukuta, kama haujapakwa chokaa, mwambie Kulwa aupige picha. Afungue mlango kwanza, mwanga uingie.

Mwanao