Ugomvi wa karata na hela ya bati

Mdogo wangu Ndahani,

Mbukwenyi nyote hapo Nkuhungu. Baba Mkubwa na Mama wape shikamoo zangu. Mimi mzima, baridi ya Toronto tuiache.

Hela ya bati itasubiri, kwanza mchezo wetu wa karata, ule wa kila mtu kutaja mapema atakula mikono mingapi (mkono ni mzunguko mmoja wa kila mtu kutupa karata moja), maana mmeniudhi. Eti Shemeji ndiye kagawa, karata saba saba, watatu wametaja 2, 1 na 3, naye akataja 1, mkamwandikia! Si imeshatimia saba hiyo? Anayegawa hutaja wa mwisho, na ni marufuku kutaja idadi inayofanya jumla ilingane na mikono iliyopo. Angesema 0, au 2 na kuendelea. Sheria imewekwa ili kila raundi lazima mmoja aungue, yaani akose idadi aliyotaja; mkiiondoa, utamu umekwisha. Mama Mdogo alikuwa na haki kupinga. Futeni raundi hiyo.

Mtu akishataja, iandikwe daftarini kabla karata ya kwanza haijatupwa. Aliyetaja 3 akala 3 anapata 10 na mikono yake, yaani 13. Akila 2 au 4, hana kitu. Wewe una tabia za mchezo wa albastini, kula kila kinachopita. Kwenye mchezo huu mkono wa ziada unakuunguza sawa na uliopungua.

Tena mkiwa wanne na saba saba, zimegawiwa 28. 24 zimebaki kwenye fungu, na ya juu ndiyo mnaifunua kuwa turufu, aina inayozishinda nyingine. Ree na kingi huenda zimelala humo, kwini yako ikala wakati hutaki. Ukitaja 0, kingi yenye ndogo tatu za aina yake haitishi, unatupa hizo ndogo badala yake. Ogopa 9 iliyo peke yake: aina yake ikianzishwa, huna pa kukimbilia. Na jumla mliyotaja ikiwa chini ya saba, aliyetaja 0 ajiangalie, wote wanakwepa na mikono lazima imwangukie mtu.

Hapa mjini ndiko Ken Fisher alikobuni Wizard mwaka 1984, mchezo wa ukoo huohuo, karata 60. Wenyeji nawafunga kwao! Ila ningebadilisha ushindi wote kwa ugali wa uwele na mlenda, jamani.

Bati sasa. Nusu natuma Ijumaa, nusu nikiona picha ya risiti. Ile ya Mei sijaonyeshwa hata msumari.

Kaka yako