Vijana hawaikimbii isukuti, wanafukuzwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile habari yenu ya juzi kuhusu vikundi vya utamaduni huku Magharibi mwa Kenya imenishinda kuinyamazia. Mlimnukuu afisa mmoja akisema isukuti, ngoma yetu ya jadi, inakufa kwa sababu vijana wameikimbia. Mwandishi wenu akayachukua maneno hayo akaenda zake, hakumwuliza mpiga ngoma hata mmoja.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha isukuti hapa Shinyalu. Vijana tunao. Wanakuja, wanafunzwa, na wakianza kuiva wanaondoka. Sababu yao naijua, kwa kuwa mimi ndiye wanayemjia kudai malipo.

Mwaka jana ofisi moja ya umma ilitualika kwenye hafla yake. Tuliambiwa tuwe uwanjani kabla ya saa moja asubuhi, tumevaa kabisa, njuga miguuni. Wageni walifika adhuhuri. Tukawapokea langoni na kuwasindikiza kwa ngoma hadi hemani, wapiga picha wakapata walichotaka, hotuba zikaanza, na hatukuitwa tena. Nilipomwendea mfawidhi kumkumbusha kwamba tulikuwa na wimbo tulioutunga mahususi kwa siku hiyo, alinijibu, "Mama, muda umeisha, na nyinyi mmeshacheza pale langoni." Chakula kilikuwa cha walioketi hemani, sisi tukapewa soda na mkate nyuma ya lori. Malipo tukaambiwa yatatumwa kwa simu, na hadi leo hakuna kilichoingia. Mwenye spika aliyetoka mjini alilipwa kabla hajashusha hata waya mmoja. Simlaumu, kazi ni kazi. Lakini mpigaji wetu wa ngoma kubwa, kijana ambaye akipiga watu wanamtambua kabla hawajamwona, alikuwa ameacha kibarua cha siku nzima ili aje pale, na akarudi mikono mitupu kwa mke na mtoto mchanga. Sasa anaendesha bodaboda Khayega. Ngoma yake iko kwangu, haina mpigaji. Huyo naye ameikimbia isukuti?

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya jamii zetu za Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na miongoni mwa matatizo yaliyotajwa ni ukosefu wa fedha za ala na mavazi. Ngoma zetu hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya wastani na ndogo. Huchongwa kwenye gogo na kuwambwa ngozi ya kenge, na ngozi hiyo ikipasuka huendi dukani Kakamega kununua nyingine. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, na katika kipengele hichohicho zimo leseni za pombe. Mwenye baa anajua mlango wa kubisha. Sisi tunazungushwa ofisi hadi ofisi na cheti chetu cha usajili mkononi.

Na kwa kuwa nimeanza, niseme pia kuhusu disko matanga. Zamani kilio kilikuwa cha ngoma, wazee wakiimba sifa za marehemu hadi alfajiri na watoto wakijifunza papo hapo kwa kuangalia. Sasa familia inachangisha pesa, inakodi spika usiku kucha, wasichana wa shule wanapotelea gizani, na machifu wanapiga marufuku asubuhi jambo ambalo usiku linaendelea. Isukuti ikiitwa, inaitwa siku ya mazishi kwa nusu saa, na malipo yake ni chai. Halafu mtu anashangaa kwamba watoto hawazijui nyimbo. Watazijulia wapi?

Ninachotaka ni hiki. Kila bajeti ya hafla iwe na fungu la ngoma kama ilivyo na fungu la hema na viti, na pesa hizo zilipwe kabla ngoma haijapigwa. Kikundi kipewe nafasi mara baada ya maombi, kabla ya hotuba ya kwanza, na kiachwe kimalize wimbo wake. Ukumbi wa kijamii ulio karibu nasi, ambao siku hizi unafunguliwa kwa mwenye pesa za kukodi tu, uwe wazi bila malipo kila Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, na ufunguo akae nao mzee wa kijiji, si karani anayeishi mjini. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba tuwafunze watoto humo, na wafunzaji wazee walipwe posho kama wanavyolipwa wanaohudhuria semina za utamaduni hotelini.

Kwa sasa tunafanyia mazoezi chini ya mwembe, na mvua ikinyesha tunatawanyika. Mwandishi wenu aje Jumamosi yoyote alasiri, akiuliza isukuti ataelekezwa, awahesabu vijana yeye mwenyewe, kisha muichapishe idadi hiyo katika ukurasa uleule mliomchapishia yule afisa.

Mweka hazina wa kikundi cha isukuti,
Shinyalu, Kaunti ya Kakamega