Jumamosi: kwa wahunzi wa Ujiji

Salaam wanakikundi. Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane Mwanga sokoni, hapa Kigoma, tupande daladala hadi Ujiji tukawaungishe wahunzi. Njoo na kisu chako butu, kikiwa kimeviringishwa gazeti (daladala hujaa, jamani).

Visu vyao vingi hufuliwa kwa springi kuukuu za gari. Chuma hicho ni kigumu, hushika makali, na kikibutuka kinanoleka vizuri. Ila hupata kutu: ukishapasua migebuka (samaki wetu wa ziwani) kioshe, kikaushe, kipake mafuta kidogo, hata mawese. Usikiache kwenye beseni la maji usiku kucha.

Bei tupatane kiungwana. Kumbana fundi mpaka akose hela ya mkaa, huko si kuungisha. Anayetaka panga au jembe aniambie kabla ya Alhamisi, nimjulishe fundi.