Kidonda cha miaka sio tego, kichukuliwe kipande cha nyama kipimwe

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma ile habari yenu ya mzee mwenye kidonda cha mguu, mliyemtoa na picha kubwa mkaandika amekanyaga tego shambani na kidonda kimemla mpaka karibu na mfupa. Mwandishi wenu kaongea na jirani, kaongea na mjumbe, kaongea na mganga, ila swali moja hajauliza, kabla ya hicho kidonda hapo mguuni palikuwa na nini? Maana kwenye picha hiyo hiyo mliyoitoa nyie, pembeni ya kidonda ngozi inang'aa, imevutika, haina hata kinyweleo. Mimi sipimi mtu kwa picha ya gazeti, ila kama lile sio kovu la moto la siku nyingi basi mimi sijui kovu.

Ni nesi, niko huku Mbagala, chumba cha vidonda, miaka mingi sasa. Kwa hiyo ninachoandika sio cha kusikia.

Kuna kitu watu hawajui kabisa, na magazeti hamkiandiki, mkiandika saratani ni ziwa na mlango wa kizazi, sawa, ziandikwe, ila kovu la kawaida kabisa, ambalo sio ugonjwa, mtu kaungua akiwa mdogo likafunga akakua nalo akaolewa nalo akazaa, linaweza likaja kufumuka ukubwani likageuka saratani ya ngozi. Madaktari wanaiita skwamasi seli, ni saratani ya zile seli bapa za juu ya ngozi, na ikitokea kwenye kovu au kwenye kidonda sugu wanaita kidonda cha Marjolin, jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa aliyevielezea vidonda vya namna hii mwaka 1828. Sio kitu kipya hata kidogo. Na kwa sisi watu weusi saratani hii mara nyingi haiji kwa ajili ya jua, inakuja kwenye kovu, kwenye kidonda ndugu, kwenye ule mfupa uliooza zamani ukaacha tundu linalotoa usaha miaka na miaka. Ndo maana mguuni inaonekana sana.

Sasa msije mkaandika kichwa cha habari kila mwenye kovu ana saratani, hapana. Katika watu mia wenye makovu ya moto wanaotajwa kupata hii ni mmoja au wawili, na kwa kawaida inachukua muda mrefu, miaka thelathini hivi, ndo maana mtu haunganishi kabisa uji uliomwagikia utotoni na kidonda cha leo. Anaunganisha na aliyegombana naye juzi.

Niwape mfano. Kuna mama mmoja muuza mihogo, kovu lake liko nyuma ya goti toka mtoto. Kovu la kwenye kiungo ni baya kuliko mengine kwa sababu halitulii, ukikunja linapasuka, ukinyoosha linapasuka, linafunga kidogo linachanika tena. Mwili kila siku unatengeneza seli mpya kuziba palepale, na kovu lenyewe halina mishipa ya damu ya kutosha, askari wa mwili hawafiki vizuri, basi siku moja seli zinaanza kukua zisisimame. Alipokuja kwangu alikuwa anapanda daladala alfajiri kabla abiria hawajawa wengi, kwa ajili ya harufu. Nikafungua bandeji, gozi imeganda, nikailowesha na maji chumvi taratibu, ile kutoka tu damu ikaanza kutiririka kwa mguso mdogo, na ukingo wa kidonda umejikunja kwa nje kama mdomo wa chungu, ukigusa ni mgumu. Kidonda cha kawaida kinachopona ukingo wake unateremka ndani, unakuwa laini una rangi ya waridi. Huu ulikuwa unapanda. Nikapapasa kinenani, mtoki upo. Mtoki peke yake sio hoja, kidonda chenye wadudu kinaleta mtoki kila siku, ila huu ulikuwa mgumu na hakuna dawa iliyoushusha.

Nikamwandikia aende hospitali moja kubwa hapa mjini akachukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya kidonda cha kupima. Wakachukua kinyama kimoja, cha katikati, majibu yakakaa yakakaa, yalivyotoka yakasema hakuna saratani ni kidonda tu, akarudishwa kwangu kusafishwa. Hapo ndo nataka wasomaji waelewe, katikati ya kidonda mara nyingi pamejaa nyama iliyokufa na usaha, ukichota hapo unaweza ukapata uchafu tu, inabidi wachukue ukingoni pia na sehemu zaidi ya moja, na jibu likija safi wakati kidonda kinaendelea kupanda, kinachukuliwa tena. Daktari wetu akapiga simu akang'ang'ana, wakarudia, ikaonekana. Na wakati huo ilishaingia kwenye mtoki. Mguu ukakatwa juu ya goti, akapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani, kwa mionzi. Ingeonekana ikiwa ndogo wangekata kidonda pamoja na nyama nzima ya kuzunguka, wakapandikiza ngozi, mguu ukabaki.

Kinachonishangaza ni kwamba nchi hii wazo lenyewe tumeshalikubali. Mlango wa kizazi tunapaka siki tunaangalia pameota weupe, tukiuona tunatibu kabla haijawa saratani, na toka 2018 mabinti wanachanjwa kabisa. Na saratani nyingi za mlango wa kizazi ni hiyo hiyo skwamasi. Sasa kama tunaweza kumtafuta mwanamke mzima asiyeumwa chochote tukamchungulia, kwanini kidonda kiko wazi, kinanuka, kinaletwa chenyewe mlangoni kila baada ya siku mbili, sisi tunakifunga tu bandeji?

Ndugu zetu wenye ualbino wao ni habari nyingine, kwao jua lenyewe linatosha, haihitaji kovu. Inaanza magamba makavu usoni, sikioni, shingoni, mdomo wa chini, ukikwangua yanarudi, na hapo bado yanatibika kirahisi kabisa. Pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza Kilisun, mafuta ya kukinga jua, kwa ajili yao, ni kitu cha maana, ila mafuta bila mtu wa kuangalia ngozi mara kwa mara hayatoshi. Na wale wa tambuu, kuberi na ugoro, ukiona utando mweupe au mwekundu ndani ya shavu haufutiki, nenda kwa daktari wa meno, usisubiri mpaka uanze kuuma.

Turudi kwenye kidonda. Watu wanavyokitibu mtaani natamani mngeandika hata kurasa mbili. Anafungua vidonge vya rangi mbili anamwagia unga juu, wengine unga wa betri, wengine dawa ya meno, wengine majani yaliyotwangwa na chumvi, kinakauka juu mtu anafurahi anasema kimepona, kumbe chini kinaendelea. Mimi sigombani na waganga, wapo wanaokuja wenyewe na mgonjwa wao wanasema nesi hiki kimenishinda, na hao nawaheshimu kuliko duka la dawa linalouza antibayotiki mwaka mzima kwa kidonda kimoja bila kumwambia mtu nenda hospitali.

Halafu kuna eksozi. Siku hizi Dar kila nyumba ina mtu mwenye alama ya eksozi ya bodaboda kwenye shavu la mguu. Nyingi ni ndogo zinapona, msiogope. Ila moto uliochimba, iwe eksozi, iwe mafuta ya vitumbua, iwe mtoto wa kifafa aliyeangukia jikoni, usiachwe ujifunge wenyewe kwa miezi, apelekwe mapema apandikizwe ngozi. Makovu mengi yanayokuja kugeuka ni yale yaliyoachwa yajifunge yenyewe, hayakuwekewa ngozi. Wazazi wengi wakiambiwa mtoto atolewe ngozi pajani awekewe mguuni wanakataa, wanasema ameshaumia vya kutosha, na mimi nawaelewa, ila wanamuwekea deni la uzeeni.

Ombi langu kwako mhariri, yule mzee mwandishi wenu anajua anapokaa. Amrudie, asiende na kamera, aende na bajaji, ampeleke kliniki ya upasuaji waombe kinyama cha ukingoni. Habari ya pili mtaiandika baadaye mkipenda.

Na ombi la pili ni kwa wenzangu wa vyumba vya vidonda, najua mnasoma gazeti hili kwa sababu ndo tunalofungia sindano zilizobaki. Madaftari yetu yanaandika tarehe, jina, kimesafishwa, basi. Mtu anasafishwa mwaka mzima na hakuna popote palipoandikwa kidonda kilianza lini. Ongezeni mistari miwili kwa kalamu tu, hatuhitaji semina wala posho, kilianza lini, na hapo palikuwa na kovu la nini. Kikipita miezi mitatu hakijafunga, au kovu la zamani limefumuka, au ukingo unapanda, au kinatoa damu kwa kugusa, au maumivu na harufu vimebadilika, huyo hasafishwi tu akaondoka, anaonwa na daktari siku hiyo hiyo. Sisi hapa tumeanza, na daktari wetu ameshaanza kulalamika kwamba namjazia foleni.

Nesi wa vidonda,
Mbagala, Dar es Salaam